Kijiti, Uso na Safari ya Sampuli: Tahakiki ya Ulinganishaji wa Vijiti vya Kupangusia Bakteria kwa Kurejelea Mazingira ya Tabora

Kazi nyingi zinazolinganisha vijiti vya kuchukulia sampuli za bakteria kwenye nyuso ngumu huongozwa na swali moja: kati ya kijiti cha pamba, cha sponji, cha poliesta, cha rayoni na cha nailoni, kipi huokota bakteria wengi zaidi? Swali hilo ni halali na majibu yake yamewafaa watu. Hata hivyo, linapotolewa katika maabara lilimozaliwa na kupelekwa kwenye wodi ya wazazi katika mkoa kama Tabora, huacha nje mambo ambayo mara nyingi huamua matokeo kuliko malighafi ya kijiti. Tahakiki hii inashughulikia pengo hilo. Inadai kwamba kinachopimwa katika ulinganishaji wa aina hiyo si pamba wala sponji peke yake, bali mnyororo mzima: kimiminika kilicholowesha kijiti, uso uliopanguswa, nguvu ya mkono, mtikiso wa maabarani, sehemu ya kimiminika iliyopandwa kwenye sahani, na saa ambazo sampuli imekaa njiani.

Uzito wa jambo hili hauko katika nadharia. Kitanda cha kujifungulia kikipanguswa na matokeo yakarudi yakiwa sifuri, mama mwingine atalazwa juu yake siku hiyohiyo, na mtoto wake atazaliwa hapo. Bakteria kama Klebsiella, ambao ni miongoni mwa visababishi vikuu vya maambukizi ya damu kwa watoto wachanga katika hospitali za Afrika, hawaonekani kwa jicho na hawana harufu ya kuwatangaza. Sifuri ya kweli ni habari njema. Sifuri iliyotokana na bakteria kubaki ndani ya nyuzi za kijiti ni hatari iliyopewa cheti.

Utafiti wa Rose na wenzake (2004)

Miongoni mwa kazi zinazotajwa mara kwa mara katika uwanja huu ni ile ya Rose na wenzake (2004), iliyofanywa baada ya tukio la mwaka 2001 ambapo barua zenye spora za kimeta zilitumwa nchini Marekani na kuua watu watano. Wachunguzi wa wakati ule walihitaji kujua kama kijiti kinaweza kuaminiwa pale kinaposema meza ya ofisi haina kimeta. Watafiti waliweka spora kwenye vipande vya chuma cha pua, wakavipangusa kwa vijiti vya aina nne, yaani pamba, sponji, poliesta na rayoni, vingine vikiwa vikavu na vingine vimeloweshwa. Kisha wakalinganisha njia tatu za kuzitoa spora katika kijiti: kutikisa kwa mashine, kutumia mawimbi ya sauti, na kutikisa kidogo tu.

Matokeo yao yako wazi. Kijiti cha sponji kilicholoweshwa na kutikiswa kwa mashine kilirejesha wastani wa asilimia 43.6 ya spora, na cha pamba asilimia 41.7. Poliesta na rayoni ziliachwa mbali. Kijiti kilicholoweshwa kilikishinda kikavu, na mtikiso wa mashine ulizishinda njia nyingine mbili.

Kazi hii ina sifa ambayo haikuigwa vya kutosha na waliofuata: haikulinganisha malighafi peke yake. Iliweka kando kwa kando malighafi, unyevu na namna ya kutikisa, na hivyo ikamwezesha msomaji kuona kwamba kijiti kizuri kilichotikiswa vibaya ni kijiti kibaya. Tatizo linaanzia katika namna inavyosomwa. Wengi huchukua mstari mmoja, kwamba sponji iliongoza, wakaacha tarakimu zinazoufuata mstari huo. Mkengeuko sanifu wa sponji ulikuwa asilimia 11.1 na wa pamba asilimia 14.6. Tofauti kati ya wastani hizo mbili haifiki asilimia 2. Tofauti ndogo kuliko mtawanyiko wa vipimo vyenyewe haiwezi kubeba uamuzi wa kuagiza vijiti ghali kutoka ng'ambo na kuvitupa vya pamba vilivyomo kabatini. Aidha, kijiti kilichoshika nafasi ya kwanza kilipoteza zaidi ya nusu ya kilichokuwapo juu ya chuma. Hilo ndilo tokeo kubwa la utafiti ule, na ndilo linalonukuliwa kwa nadra.

Hesabu ndogo inaonesha zaidi. Tuseme uso una spora 100, na kijiti kimetikiswa katika mililita 10 za kimiminika. Sponji itaachia takriban spora 44, na pamba takriban 42. Mtaalamu akipanda mililita 0.1 tu ya kimiminika hicho kwenye sahani, wastani wa spora zitakazofika kwenye sahani haufiki hata nusu ya spora moja. Kwa sponji, sahani 65 hivi katika kila 100 zitasoma sifuri. Kwa pamba, sahani 66. Akipanda mililita 1 badala ya 0.1, sahani zitakazosoma sifuri zitashuka hadi moja au mbili katika kila 100, kwa kijiti chochote kati ya hivyo viwili. Badiliko hilo halikugharimu hata kijiti kimoja. Limegharimu sahani pana zaidi, au sahani kadhaa za kugawana kimiminika. Ulinganishaji wa malighafi usiotaja kiasi kilichopandwa unafanana na kupima vibaba vya mchele bila kutaja ukubwa wa kibaba.

Kasoro nyingine ya kuuhamisha utafiti ule iko katika kiumbe kilichochaguliwa. Spora ni umbo gumu ambalo bakteria wa jamii ya kimeta hujifungia humo wakati wa shida. Haihitaji chakula, haijali ukavu, na inaweza kungoja miaka. Watafiti walikuwa na sababu njema ya kuichagua, kwa kuwa hiyo ndiyo waliyoitafuta. Lakini bakteria wengi wanaotafutwa katika wodi ni seli hai zisizo na ganda hilo, na baadhi yao hufa ndani ya kijiti kabla hakijafika maabarani. Spora huonesha kijiti kinashika na kuachia nini. Haioneshi kinahifadhi nini.

Jina la kijiti

Kuna jambo la lugha linalochangia usomaji mbaya uliotajwa. Katika Kiswahili cha hospitali na maabara, kifaa hiki huitwa kijiti cha pamba, na mara nyingine pamba tu, hata pale kilipotengenezwa kwa nailoni. Jina limekwisha kuamua malighafi kabla ya uchunguzi kuanza. Fomu ikiandika kwamba sampuli ilichukuliwa kwa pamba, msomaji hajui kama ni pamba ya shambani iliyosokotwa kwenye ujiti wa mbao, au ni rayoni iliyofanana nayo kwa weupe na ulaini. Naye hana njia ya kujua, kwa sababu kijiti kilishateketezwa.

Inashangaza kwamba umaskini huo wa majina upo katika nchi ya Unyamwezi. Katika karne ya 19, Unyanyembe ilipokuwa kituo kikuu cha njia iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, hapakuwa na mfanyabiashara aliyeridhika kusikia neno nguo peke yake. Kulikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kilichosafirishwa kutoka Massachusetts. Kulikuwa na kaniki, iliyotiwa rangi ya buluu iliyokolea. Kulikuwa na vitambaa vya milia vyenye majina yake. Vilipimwa kwa shuka na doti. Kiongozi wa msafara aliyefika katika nchi isiyopokea kaniki akiwa na kaniki tupu aliweza kukosa chakula. Watu wale walijua kwamba malighafi, ufumaji na mahali pa kutumia ni mambo matatu, na kila moja lilikuwa na neno lake.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba istilahi ya jumla iwe kijiti cha kupangusia, kisha malighafi ifuate: kijiti cha pamba, cha sponji, cha rayoni. Nailoni inahitaji nyongeza, kwa kuwa vijiti vya nailoni vilivyoenea tangu miaka ya 2000 havikusokotwa. Nyuzi zake fupi zimesimikwa wima juu ya ncha kama manyoya ya zulia, pasi na kiini cha kunyonya, na ndiyo maana huachia kirahisi kilichookotwa. Kuviita vya nailoni tu ni kuacha sifa iliyovifanya vitofautiane na vingine. Ujiti nao utajwe. Mbao na plastiki si kitu kimoja, hasa pale sampuli itakapochunguzwa kwa njia za vinasaba, kwa maana baadhi ya vijiti vya mbao, pamoja na vile vya aljineti itokanayo na mwani, vinajulikana kuzuia kipimo cha aina hiyo.

Papasi katika vibanda vya misafara

Kabla ya kuzigeukia wodi za leo, ni vyema kutazama mfano wa zamani, kwa kuwa njia za misafara za Afrika Mashariki zilipata kuwa uwanja wa kutafuta bakteria ndani ya nyumba. Wasafiri waliolala katika vibanda vya mapumziko na katika tembe zenye sakafu ya udongo walipatwa na homa inayoondoka na kurudi. Wenyeji waliihusisha na papasi, mdudu wa jamii ya kupe anayejificha katika vumbi la sakafu na nyufa za kuta na kutoka usiku. Mwaka 1905 Robert Koch, akiwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, aliwakusanya papasi kutoka katika vibanda hivyo, akawapasua, na kuwaona kwa hadubini bakteria wenye umbo la mzunguko ndani yao na hata ndani ya mayai yao. Wakati huohuo Dutton na Todd walifikia jambo hilo upande wa mashariki mwa Kongo. Dutton alifariki kwa homa hiyohiyo mwaka 1905 huko Kasongo, mji uliokuwa ngome ya Tippu Tip katika mwendelezo wa njia ile, na bakteria huyo, Borrelia duttonii, akapewa jina lake.

Mfano huu unaingizwa hapa kwa sababu ya somo la mbinu lililomo. Sakafu ya kibanda kile ingepanguswa kwa kijiti chochote, cha pamba au cha sponji, jibu lingekuwa sifuri. Bakteria hakuwa juu ya uso. Alikuwa ndani ya mdudu, katika ufa, chini ya vumbi. Kifaa kilichofaa kilikuwa papasi mwenyewe, na aliyekitambua kwanza hakuwa Koch bali mpagazi na mwenye nyumba waliojua mahali pa kutolala. Chombo cha kuchukulia sampuli huchagua kinachoonekana. Ulinganishaji unaofanywa kati ya vijiti pekee hauwezi kamwe kugundua kwamba kijiti hakikuwa chombo kilichofaa.

Nyuso za Tabora na safari ya sampuli

Chuma cha pua kilichong'arishwa ni uso wa heshima, na wodi nyingi hazina hata meta moja ya mraba ya chuma hicho nje ya trei za vifaa. Nyuso za kawaida ni sakafu ya saruji iliyosuguliwa na baadaye ikapata nyufa, ukuta wa rangi ya mafuta, fremu ya kitanda iliyochubuka rangi na kuanza kushika kutu, meza ya mninga, na godoro lililovikwa plastiki yenye mikwaruzo. Juu ya saruji yenye chembe, nyuzi za pamba hunasa na kukatika. Mpangusaji huacha sehemu ya sampuli yake mahali palepale alipoichukua. Sponji laini huchanika. Nailoni iliyosimikwa wima, inayosifiwa kwa kuachia upesi, nayo huweza kung'olewa nyuzi zake na uso unaokwaruza. Matokeo yaliyopatikana juu ya chuma hayatoi ruhusa ya kupanga vijiti hivi daraja juu ya saruji.

Kiwango cha kimataifa ISO 18593, kilichotolewa mwaka 2004 na kurekebishwa mwaka 2018 kwa ajili ya mnyororo wa chakula, kinakiri sehemu ya jambo hili kwa kutenga kijiti kwa ajili ya maeneo madogo na kuelekeza sponji pana au kitambaa kwa maeneo makubwa. Mwongozo huo ni wa busara na ungefaa kuazimwa na hospitali. Sakafu ya wodi haiwakilishwi na mraba wa sentimita 10 kwa 10 uliochaguliwa mahali panapofikika kwa urahisi. Mahali pasipofikika kwa urahisi ndipo na kitambaa cha usafi kisipofika.

Kisha kuna dawa. Uso uliotoka kusafishwa kwa klorini, ambayo watu wengi huiita jiki hata inapokuwa ya chapa nyingine, hubaki na klorini kidogo. Kijiti kilicholoweshwa kwa maji ya chumvi matupu huibeba klorini hiyo pamoja na bakteria, na kuendelea kuwaua ndani ya chupa. Maabara itasoma sifuri kwa uso ambao saa ya kupanguswa ulikuwa na uhai. Thiosalfeti ya sodiamu ikiongezwa katika kimiminika cha kulowesha, klorini hunyamazishwa. Ni kemikali ya bei ndogo. Hata hivyo, inawezekana kusoma ulinganishaji mrefu wa malighafi tano usiotaja hata mara moja kama kimiminika kilikuwa na kitu cha namna hiyo, kwa sababu chuma cha maabarani kilitakaswa kwa mvuke na hakikuwahi kuguswa na jiki.

Jambo zito kuliko yote ni safari. Mkoa wa Tabora una zaidi ya kilomita za mraba 76,000. Sampuli iliyochukuliwa Urambo iko takriban kilomita 90 kutoka mjini Tabora. Ya Kaliua iko mbali zaidi. Katika miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, hewa ni kavu na jua ni kali, na kisanduku cha kubebea sampuli kisichokuwa na barafu huwa jiko. Katika hali hiyo, swali la kijiti gani huokota zaidi hutanguliwa na swali la kijiti gani hufikisha.

Swali hili la pili si geni, ila limesahauliwa na wale wanaolinganisha nyuso. Pollock alionesha mwaka 1948 kwamba pamba yenyewe hubeba asidi za mafuta zinazoweza kuwadhuru baadhi ya bakteria. Stuart na wenzake, katika kazi yao ya mwaka 1954 kuhusu kusafirisha sampuli za kisonono, walitumia vijiti vilivyotiwa mkaa ili kuifyonza sumu ya aina hiyo, pamoja na ute wa kuwahifadhi bakteria bila kuwalisha. Amies aliurekebisha ute huo mwaka 1967 na kuutia mkaa ndani yake. Watafiti hao waliona kwamba sampuli ni msafiri, na wakauliza atakula nini na kuvaa nini njiani. Nusu karne baadaye, ulinganishaji unaopangusa kipande cha chuma na kukitikisa kijiti papo hapo unaiondoa safari katika jaribio, kisha unatoa ushauri kwa watu ambao hawana kitu kingine ila safari.

Inafuata kwamba ulinganishaji unaostahili kuitwa wa Tabora ungekuwa na sura nyingine. Nyuso zingekuwa saruji, rangi ya mafuta na plastiki ya godoro. Bakteria wangekuwa seli hai zilizokaushwa juu ya nyuso hizo, zikiwemo zile zinazokufa upesi kwa ukavu na zile zinazodumu kwa majuma kama Acinetobacter. Kila kijiti kingepimwa mara mbili, papo hapo na baada ya saa za barabarani, katika mwezi wa jua na katika mwezi wa mvua. Kiasi kilichopandwa kingeandikwa. Si ajabu kama katika jaribio hilo pamba iliyotiwa mkaa ingeipita nailoni, au kama tofauti zote za malighafi zingemezwa na joto la kisanduku. Jibu lolote kati ya hayo lingeokoa fedha. Igunga na Nzega hulima pamba. Mkoa usiwekwe foleni ya kungojea kijiti cha ng'ambo kabla haijathibitika kwamba tatizo lilikuwa kijiti.

Sifuri katika fomu

Mpaka jaribio hilo lifanyike, yako mambo ambayo fomu ya sampuli inaweza kubeba leo bila gharama kubwa: malighafi ya kijiti na ya ujiti, kimiminika cha kulowesha, aina ya uso, saa ya kupangusa na saa ya kupokewa, kiasi kilichotikiswa na kiasi kilichopandwa. Badala ya sifuri tupu, maabara iandike kwamba hakuna bakteria waliopatikana katika mililita kadhaa zilizopandwa. Mhudumu wa usafi naye ananufaika. Yule ambaye kazi yake inahukumiwa kwa kijiti ana haki ya kujua kama kijiti cha mwezi jana na cha mwezi huu vilikuwa vya aina moja, kwa maana idadi inaweza kupanda kwa sababu ya vijiti vipya wakati sakafu yake ni ileile na jasho lake ni lilelile.

Zaidi ya hayo, kila kisanduku kinachotoka wilayani kinaweza kubeba kijiti kimoja cha shahidi, kilichopewa maabarani bakteria wasio na madhara kwa idadi inayojulikana, kikaenda na kurudi pamoja na vingine siku ileile, ndani ya kisanduku kilekile. Shahidi akirudi hai, sifuri za siku hiyo zinaweza kusimama. Akirudi amekufa, kitanda kipanguswe upya kabla mama mwingine hajalazwa juu yake.